Meza Iliyopigwa X

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana mwishoni kuna swali na sitaki mtu aniambie hakusikia. Ni habari ya meza moja na watu wanne. Ilitokea katika mji mmoja wa kusini ambao jina lake tutaliacha, kwa sababu mji huo una halmashauri, na halmashauri ina mwanasheria.

Katika mji huo waliishi watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Likwata, mgambo wa halmashauri. Kipawa chake kilikuwa mgongo. Kabati ambalo wanaume wanne wangelizunguka wakishauriana walishike wapi, Likwata alilibeba peke yake huku anatafuna muhogo.

Wa pili ni Shekue, seremala. Kipawa chake kilikuwa masikio. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akasema, "Huu mninga ulikatwa bado mbichi, na huku ndani kuna ufa." Ukipasua, ufa unaukuta umekaa palepale unakusubiri.

Wa tatu ni Somoe, mwandishi wa vibao. Kipawa chake kilikuwa mkono usiotetemeka. Alivuta mstari kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho bila rula na bila uzi. Vibao vyote vya mji vilikuwa vyake, hata kile cha ofisi ya ardhi kinachosema MHUSIKA AMETOKA, ambacho kimedumu kuliko wahusika wote.

Na wa nne ni Mshamu, mshona makubadhi. Huyu hakuna aliyesema ana kipawa. Watu walisema tu, "Yule mzee wa barazani." Meza yake ilikaa kwenye baraza iliyotazama barabara kuu. Mteja alivua viatu, akakanyaga ngozi iliyotandikwa sakafuni, na Mshamu akapiga magoti, akauzungushia mguu mkaa, akicheka na mwenye mguu. Halafu aliipandisha ngozi mezani, akaikata kwa kisu kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, kwa maana mdomo wake haukunyamaza na mkono ulifuata mdomo.

Mwaka mmoja halmashauri iliamua kwamba mji ni mchafu. Uchafu wenyewe ulitafutwa kwa vikao vingi, na hatimaye ukaonekana: ulikuwa kwenye baraza za watu. Meza, mabenchi, majiko ya chapati, cherehani. Vyote viondolewe. Somoe akaitwa, akapewa kopo la rangi nyekundu apige alama ya X juu ya kila kitu kilichozidi ukuta. Kitakachokutwa nje na X yake kesho yake alfajiri kingechukuliwa. Hili lilitangazwa ipasavyo: karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo ulio ndani ya ofisi, ambamo mwananchi haruhusiwi kuingia bila kueleza shida yake.

"Wewe paka tu," afisa alimwambia Somoe. "Usieleze. Maelezo yapo ubaoni."

Lakini Somoe alieleza. Kwa muuza chapati alinong'ona, "Mama, jioni ingiza jiko ndani." Kwa fundi cherehani alikonyeza. Mtaa mzima ulielewa. Akafika kwa Mshamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Makubadhi yangu bado yanatembea?"

"Yanatembea."

"Na kile kidole kinachompanda mwenzake?"

"Bado kimempanda."

"Kiambie kishuke, kimeshakua sasa." Akacheka peke yake, kisha akaliona kopo. "Leo unapaka nini?"

"Meza yako, mzee. Nimetumwa."

Mshamu hakuuliza zaidi. Alikusanya kisu chake, nta yake na nyuzi zake, akaviweka chini. Akaifuta meza kwa mkono wa kanzu, akaipuliza kwenye pembe. "Rangi haishiki penye vumbi," akasema. Akamwitia kahawa. Somoe akainywa, maana kuikataa kungehitaji sababu. Kisha akapiga X, kona hadi kona, na haikuchuruzika hata tone.

"Imenyooka," Mshamu akasema. "Ni alama ya nini?"

Hapo ndipo Somoe alipopaswa kunong'ona kama alivyonong'ona kwa wengine. Lakini kahawa ya mtu ilikuwa mdomoni, na meza alikuwa amefutiwa na mwenyewe. Kumwambia mzee kwamba amemsafishia adui mahali pa kukaa, aibu ilimshinda.

"Ya hesabu tu," akasema. "Wanahesabu meza."

"Ahaa. Na mimi nimehesabiwa?"

"Umehesabiwa, mzee."

Mshamu akafurahi. Jioni ile mtaa mzima uliingiza vitu ndani. Yeye aliiacha meza yake nje, ionekane vizuri kwa watakaokuja kuhesabu.

Alfajiri lori likaja. Likwata aliibeba meza mgongoni bila kuuliza ya nani, kwa kuwa hakulipwa kwa kuuliza. Haikuingia, mguu mmoja ulikwama kwenye bomba la ubavuni mwa lori. Shekue alikuwa amekodiwa kwa shida kama hizo. Aliukata mguu kwa msumeno bila kuugonga wala kuusikiliza. Basi kwa hesabu ya haki, Somoe alipaka, Likwata akabeba, Shekue akakata, na kulipokucha Mshamu alikuta baraza tupu yenye alama nne safi pale miguu ilipokuwa.

Tangu hapo alikata ngozi nyumbani, juu ya paja lake. Kisu kinachoogopa paja hakikati vizuri. Makubadhi yakatoka membamba, yenye wasiwasi, na wateja wakahamia kwenye kandambili za plastiki. Somoe akikutana naye njiani, mzee bado alimuuliza habari za kidole. Somoe akaanza kupita njia ya nyuma, ile yenye mtaro.

Meza ikakaa kwenye yadi ya halmashauri msimu wote wa mvua. Wenye mali waliambiwa waje kuchukua vitu vyao wakiwa na uthibitisho wa kuvinunua, na nani ana stakabadhi ya meza aliyoachiwa na baba yake? Msimu wa jua ulipofika, halmashauri iliona kwamba yadi nayo sasa ni chafu, ikaamuru vitu vichomwe moto.

Likwata ndiye aliyepewa kiberiti. Aliwasha, akarudi nyuma, akaitazama. Meza ilikuwa juu ya rundo, miguu mitatu imeelekea mbinguni. Nini kilimpata hajui. Aliingia kwenye moshi, akaitia mgongoni inafuka, akatoka nayo getini na shati limeshika moto. Walipomuuliza alisema, "Nimeshazoea kuibeba." Akaitua karakana kwa Shekue.

Shekue aliigonga, akasikiliza. Akaigonga tena pale palipokatwa. "Huu mguu umekatwa na mjinga," akasema, kisha akautambua mkato: ulikuwa wa msumeno wake. Alikuwa na kipande kimoja cha mninga alichokitunza kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe. Akakitoa. Aliunganisha mguu mpya na kisiki cha ule wa zamani kwa kiungo ambacho ukucha hauwezi kukipata, na meza ikasimama bila kutikisika. Ila uso wake ulikuwa umeungua pembeni, umechanjwachanjwa kote, na katikati X iliyopauka. Akainua randa aulainishe. Kwanza, hata hivyo, akamwita Somoe aseme kama kuna la kuokoa.

Somoe alikuja. Aliiona X kabla hajaiona meza. Akalaza mkono juu ya ubao. Vidole vikaanza kufuata ile michanjo. Mmoja ulijipinda ukarudi ulipoanzia. Mwingine vivyo hivyo. Zilikuwa nyayo. Nyayo juu ya nyayo, kubwa kwa ndogo, kila mahali kisu kilipopita ngozi kikala mti. Na karibu na katikati akaupata wayo mmoja mwembamba, ambao mkataji alikuwa ameupa nafasi ya ziada upande wa nje, ili kidole kilichompanda mwenzake kisibanwe.

"Usiirande," akamwambia Shekue.

"Kwa nini?"

"Usiirande tu."

Alifanya kazi pale karakana tangu asubuhi hadi mwanga unaisha, siku baada ya siku. Kila wayo aliujaza rangi: wa bizari, wa majani ya muhogo, wa samli, wa bluu ya sare za shule. Hakuongeza mstari wake hata mmoja, alifuata kisu. Lakini X haikufutika. Kila alipoipaka rangi nyingine ilijitokeza. Mwishowe aliirudishia wekundu wake, akaifanya njia mbili zinazopishana, na nyayo zote zikawa kama watu wanaokutana njia panda siku ya gulio. Ilipendeza hadi Shekue akavua kofia.

Na Somoe alikuwa amekusudia, wallahi alikuwa amekusudia, kumrudishia mwenyewe. Alikuwa ameshapanga hata maneno. Lakini Likwata aliingia karakana, akaitazama, akasema, "Dada, hii hairudi barazani. Hii inakwenda mashindanoni."

Maana halmashauri ileile, iliyotupa vitu vya watu mwaka uliopita, mwaka huu ilikuwa imeandaa Mashindano ya Vilivyotupwa. Mshindi angepata kizimba katika soko jipya, cha mlangoni kabisa, chenye bati na kufuli, na hakuna atakayemwondoa humo maisha yake yote. Na chombo kilichoshinda kingekaa humohumo, kiwe mfano kwa wengine. Likwata alikuwa amechoka kubeba mali za watu. Alitaka kuuza za kwake. Karakana ya Shekue ilivuja. Somoe alichanganya rangi jikoni kwa dada yake, na mara mbili ziliingia kwenye mchuzi.

Somoe akajiambia: kwanza mashindano, halafu nitamrudishia. Nyote mnalijua hilo neno "halafu".

Walishinda. Bwana Kasembe, afisa biashara, alisimama chini ya turubai na kipaza sauti, akaisifu meza kwa maneno aliyoyaandaa kwa ajili ya kitu chochote kitakachoshinda. Kisha akamgeukia Somoe.

"Ubunifu huu, dada yetu, umeutoa wapi?"

Kipaza sauti kilikuwa puani kwake.

"Kichwani," Somoe akasema.

Wakapiga makofi.

"Tatizo dogo," Bwana Kasembe akaendelea. "Kizimba ni cha mtu mmoja. Nyinyi ni watatu."

"Tutagawana, mheshimiwa," akasema Shekue.

"Kugawana ni kosa. Ukikutwa umemweka mtu mwingine ndani, kizimba kinarudi kwetu. Niliuliza mkoani kama watu watatu wanaweza kuhesabiwa mtu mmoja. Wamesema wanalifanyia kazi." Akatazama saa. "Amueni kabla ya adhana ya alasiri. Mkishindwa, tutakifanya ofisi. Na wewe Somoe, kwa kuwa ndiye mwandishi wetu wa vibao, utaliandika jina juu ya mlango."

Wakaipeleka meza kizimbani. Kibao kilikuwa tayari kimepakwa weupe, kitupu. Somoe akafungua kopo, akachovya brashi. Ilikuwa brashi ileile. Hakuwahi kuwa na nyingine nzuri kama hiyo.

"Andika Likwata," akasema Likwata. "Nisingeingia motoni, hapa tungekuwa tunashindania majivu. Nani mwingine aliyeunguza shati?"

"Shati lenyewe la serikali," Shekue akamjibu. "Andika Shekue. Wewe afande ulileta kuni, mimi ndiye niliyezifanya meza. Mpaka leo nalala kwenye mkeka kwa ajili ya ule mguu."

"Mguu ulioukata mwenyewe!"

"Nao nani aliyeubeba mpaka kwenye msumeno?"

"Ningejuaje? Ilikuwa na X!"

Wote wawili wakamtazama Somoe.

"Rangi ni zako, dada," Shekue akasema kwa upole. "Bila rangi hakuna aliyeitazama. Lijaze jina lako, sisi hatutagombana nawe sana."

Wakati huo Mshamu alikuwa akipita na kikapu cha makubadhi, ameambiwa sokoni kuna watu wengi. Aliona kundi, akajipenyeza. Akaiona meza. Akaweka kikapu chini.

Hakusema ni yake. Aliinama juu yake, macho karibu na ubao, akaanza kuisoma kwa kidole.

"Huyu Bi Tunu. Mguu mpana, alikataa katakata kwamba ni mpana. Huyu yule mwalimu wa hesabu, kulia kwake kulizidi kushoto, nikamwambia gawanya. Huyu... huyu marehemu Fundi Chande." Kidole kikatulia. "Alikuja kuyachukua, hakuwahi kuyavaa." Kikaenda tena, kikafika katikati. Akainua uso. "Na huyu ni wewe, mwanangu. Hakijashuka bado?"

Somoe akaurudisha mguu wake nyuma.

Likwata akatazama chini. "Basi mzee naye ana haki," akasema. "Mchoro ni wake."

"Mchoro gani?" Mshamu akashtuka. "Mimi sikuchora. Fundi mzuri haweki alama mezani. Kisu kikipita ngozi, ni uzembe. Baba alinipiga kwa hilo. Haya yote mnayoyapigia makofi ni makosa yangu." Aliifuta kwa kiganja, kama mtu anayefuta makombo mbele ya wageni. "Mngenisitiri kidogo."

"Hata hivyo, mzee," Shekue akauliza, "ungepewa kizimba, ungekitaka?"

"Meza yangu si imo ndani? Ningeitaka."

"Na ungeitunza hivi ilivyo?"

"Kuitunza vipi? Ningeikatia ngozi. Meza ya kazi hiyo, si mkeka wa harusi. Kufika Idi ya mfungo mosi rangi yote ingekuwa imeingia kwenye soli za watu."

Shekue akaitazama kazi ya Somoe, akavua kofia yake, kisha akaivaa tena.

Bwana Kasembe akatokeza kichwa mlangoni. "Vipi, tuna jina?" Akamwona Mshamu. "Na huyu nani? Wanne sasa? Sitauliza mkoani tena."

Somoe akaiweka brashi juu ya kopo.

"Mzee Mshamu," akasema, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Siku ile uliniuliza alama ni ya nini. Nikakwambia ya hesabu. Nilijua. Wengine wote niliwaambia waingize vitu ndani. Wewe peke yako sikukwambia."

Mshamu alimtazama. Nje muuza kashata alikuwa akigombana na mtu kuhusu chenji; kila neno lilisikika.

"Kwa nini mimi?" Mshamu akauliza.

"Ulikuwa umenifutia meza."

Mzee akafikiri. Alitazama ile njia panda nyekundu, akaifuata kwa kidole, kona hadi kona, na sasa akaona ni nini.

"Nilikaa na jirani zangu," akasema polepole, "nikiwauliza kwa nini wao waliingiza vyao. Wakadhani nawakejeli. Nilijiona mjinga mwaka mzima." Akachukua kikapu chake, akakitia begani, lakini hakuondoka. "Haya, andika. Mkono wako ni mzuri, hilo sikatai. Andika unachojua ni kweli, na safari hii usiniambie ni alama ya nini. Nitasoma mwenyewe."

Akasimama palepale kusubiri. Likwata naye akasimama, shati la kuazima limembana mabega. Shekue akasimama, mkono juu ya ule mguu wa nne, kana kwamba anausikiliza. Msikitini mwadhini akajaribu kipaza sauti kwa vidole, tu, tu, tu.

Somoe akainua brashi. Hakuona jina moja tu. Aliona aliyeingia motoni, ambaye ndiye aliyeuwasha. Aliona aliyetoa ubao wa kitanda chake, baada ya kukata mguu usio wake. Aliona aliyeweka kila mstari bila kukusudia, ambaye akipewa atairarua kazi yenyewe kwa kisu, na wala hatakuwa amekosea. Na aliona aliyeleta rangi zote, nyekundu ikiwa ya kwanza. Rangi ikaanza kukusanyika kwenye ncha ya brashi, tone likanenepa.

Mimi mwisho wangu ni hapo, kwa maana hata kwangu mwadhini ndio kwanza anasafisha koo. Brashi hiyo, ishikeni nyinyi. Kibao ni kimoja, kina nafasi ya jina moja, na mwenye meza anatazama.

Je, wewe ungeandika la nani?